Ardhi Inapovutwa

Kila mwaka kabla ya mvua, Lameck wa Mabira hutandaza nyasi kwenye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa baba yake. Mwaka huu hakutandaza. Tetemeko lilipasua ukuta wa nyumba yake. Kisha redio ikasema ardhi ya Afrika Mashariki inaachana.

"Nitandaze nini, Mama Projest?" alimwuliza mkewe, Avelina. "Kibanja kitazama. Tukiuze, tuhamie Bugomora."

"Bugomora iko mbinguni? Yenyewe haizami?"

Magugu yaliota. Migomba ikaanza kunyauka. Avelina alisali, kisha akamwalika Kokubanza, mwalimu wake wa masomo ya jioni. Mwalimu alipofika, Avelina alikuwa anakanda unga wa chapati.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Lameck.

"Marahaba, baba. Nasikia unaikimbia ardhi."

Mwalimu alichukua donge, akalifanya bapa, akalifunika kwa unga mkavu, akamsogezea Lameck upande mmoja.

"Shika huko uvute. Mimi navuta huku. Polepole!"

Unga wa juu ukapasuka. Katikati, donge likawa jembamba, likabonyea.

"Ndivyo bonde la ufa linavyotokea," alisema Mwalimu. "Mwamba wa chini kabisa una joto kali, unajongea taratibu. Wa juu ni mgumu. Ukivutwa pande mbili hupasuka, na kipande cha katikati hushuka. Ziwa Tanganyika limo ndani ya bonde kama hilo. Hata sayari ya Zuhura ina mabonde yaliyovutwa hivyo."

"Si nilisema tunazama!"

"Lini, baba? Kwa mwaka mzima ardhi huvutika chini ya unene wa punje ya kahawa. Bonde huchukua mamilioni ya miaka."

Avelina akacheka. "Umesikia? Magugu yatakumeza kabla ya bonde."

Lameck naye akacheka. "Na ukuta?"

"Hilo ni la kweli. Ardhi ikivutwa, mara nyingine hutikisika. Nyumba yako haina lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta pamoja. Mwite fundi."

Fundi alijenga upya ukuta uliopasuka, akaifunga nyumba kwa lenta. Lameck alipalilia, akatandaza nyasi kibanja chote. Mvua ikanyesha, wakamshukuru Mungu. Migomba ikazaa mikungu mizito.

Siku moja mtu wa Kimuli alifika kuulizia kibanja kinachouzwa. Lameck alimwekea sahani ya ndizi na maharage.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Kuuza, hapana."