Video za Mama Kwenye Runinga ya Baba

Kila asubuhi binti mshonaji alimwosha baba yake uso, akamgeuza kitandani, kisha akaketi kwenye cherehani sebuleni. Baba alikuwa seremala hodari. Tangu alipopooza upande mmoja, dunia yake ilikuwa chumba chake cha kulala na runinga ya ukutani.

Alitaka kitu kimoja tu: kumwona mkewe. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita, akaacha video kumi na moja. Zilikuwa kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, kando ya cherehani. Kila baba alipotaka kuziona, binti alizihamishia kwenye flashi, akaichomeka kwenye runinga, kisha akazirudisha. Hakupenda nakala mbili mbili. Alikuwa mtu wa kila kitu mahali pake.

Siku moja mteja alisimama mlangoni, ana haraka zake. Binti akahamisha video tatu, akachomoa flashi chapuchapu, akampelekea baba. Runinga haikuonyesha kitu. Akarudi kwenye kompyuta. Huko nako hazikuwepo.

Akamwita jirani yao, fundi wa mitandao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

Mama Waya alihangaika na flashi ile hadi adhuhuri.

"Pole, mwanangu. Hizi tatu zimekwenda."

"Lakini niliona zimemaliza kuhama!"

"Kompyuta ilikuwa bado inaandika. Bofya kwanza 'ondoa', usubiri ikubali. Na kuhamisha si kunakili. Ulibaki na nakala moja moja, basi."

Binti akalia kwa sauti. Mama Waya hakumkataza. Kwanza alinakili zile nane zilizobaki kwenye diski ya akiba.

"Sasa flashi ipumzike," akasema. "Video zikae kwenye kompyuta, runinga izifuate huko huko. Vyote viwili viko kwenye ruta moja, kile kisanduku cha intaneti?"

"Ndiyo, mama."

Mama Waya akaweka programu ya kugawa video kwenye mtandao wa nyumbani. Akaionyesha folda ya video za mama. Kwenye ulinzi wa kompyuta akaruhusu vifaa vya nyumba ile tu. Wakamwendea baba chumbani, naye akashika rimoti. Jina la kompyuta likatokea kwenye runinga. Akaifungua folda. Tupu.

"Mmeniletea sahani bila chakula," baba akasema kwa ulimi mzito.

"Subiri, mzee. Ni ruhusa tu." Mama Waya akamgeukia binti. "Programu hii ni mgeni ndani ya kompyuta. Folda umeifunga, unaiona wewe peke yako. Tuipe ruhusa ya kusoma, si ya kufuta."

"Hata baba akibonyeza ovyo?"

"Abonyeze mpaka achoke. Hafuti kitu."

Akarudi kwenye kompyuta, akabadilisha ruhusa, akazima programu na kuiwasha upya. Video nane zikajipanga kwenye runinga.

Baba akachagua ya kwanza. Mama akatokea mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni.

"We mzee, weka simu chini uje ule! Chakula kinapoa!"

Baba akacheka, machozi yakamtiririka. "Nakuja, mke wangu," akajibu.

Binti alishindwa kusimama pale. Akarudi kwenye cherehani, akashika kitambaa, lakini hakushona. Uchungu wa zile tatu ulikuwa bado moyoni. Halafu akasikia mama akiita tena. Baba alikuwa amerudisha video mwanzo, mwenyewe, kwa mkono wake mzima.