Chupa Chini ya Meza ya Kukatia

Kila alasiri, baada ya kuvua sare na kula, Chiriku alifagia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Aliokota pini zilizodondoka, kisha akamwangalia mtoto wa shangazi, ambaye alikuwa ameanza kutambaa. Jina la Chiriku alipewa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Wakati huo mwalimu wa sayansi alikuwa akiwafundisha kuhusu chachu. Kila mwanafunzi alitia maganda ya matunda kwenye chupa ya maji ya sukari, akaifunika kwa kitambaa chepesi na kuiacha darasani, kama mwalimu alivyoagiza. Maji yalipoanza kutoa povu, Chiriku aliuliza ni nani aliyeweka chachu humo.

“Hakuna aliyeiweka,” mwalimu alijibu. “Chachu ya mwituni huishi kwenye maganda ya matunda na ndani ya maua. Nyigu na nyuki huibeba. Tunda likipasuka, vijidudu vingi visivyoonekana hugombania sukari yake. Tangu zama za kale, chachu zilizoweza kutengeneza kileo ziliwashinda wapinzani wao, kwa kuwa kileo huwadhuru, zikazaa nyingine zenye uwezo huohuo. Kileo hicho hutoka pamoja na gesi. Hamira ya dukani ni ndugu wa chachu hii ya mwituni, ila yeye amefugwa.”

Chiriku alitaka povu lake liwapite wenzake wote. Akatengeneza mchanganyiko mwingine nyumbani kwa siri, akazidisha sukari. Lakini shangazi alikuwa amekataza matunda chumbani, maana nzi wangechafua nguo za watu. Ili harufu isimsaliti, Chiriku aliutia katika chupa ya kioo, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akaificha chini ya meza ya kukatia, nyuma ya majora ya vitambaa.

Siku chache baadaye, mwalimu aliwaonyesha chupa ya plastiki ambayo mwanafunzi mmoja alikuwa ameiziba. Ilikuwa imevimba, ngumu kama jiwe. Alipokilegeza kifuniko, povu lilifoka hadi ukutani. Akawaambia kwamba kama ingekuwa ya kioo, ingepasuka na kumkata mtu.

Chiriku hakusikia tena lolote. Kengele ilipolia tu, alitoka mbio.

Alimkuta shangazi akimalizia gauni la mteja, naye mteja ameketi akisubiri. Mtoto alikuwa akicheza sakafuni. Chiriku akapiga magoti kando ya meza. Shangazi alipomuuliza anatafuta nini, akajibu kwamba anatafuta pini.

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimebinuka. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Akisema, atagombezwa mbele ya mgeni. Akinyamaza, je? Mara mtoto akaviona vitambaa vya rangi, akaanza kutambaa kuvifuata.

“Shangazi, mchukue mtoto,” Chiriku alisema. “Kuna chupa huku itapasuka. Ni mimi niliyeificha.”

Shangazi aliliacha gauni. Alimnyakua mtoto, akamvuta Chiriku mkono, akamtoa mteja nje na kufunga mlango. Wakasimama uani. Mteja alianza kusema kwamba huenda ni mzaha wa kitoto, lakini hakumaliza. Ndani kulisikika kishindo, kisha vioo vikamwagika sakafuni.

Waliporudi, chumba kilinuka pombe. Kipande cha kioo kilikuwa kimekita kwenye jora, usawa wa uso wa mtoto anayetambaa. Gauni lilikuwa limelowa. Chiriku alimwomba mteja radhi yeye mwenyewe, akaahidi kulifua. Mteja alimtazama mtoto, akasema atarudi kesho.

Shangazi alichuchumaa kando ya beseni, wakalifua gauni pamoja.

“Nimekasirika, sikufichi,” shangazi alisema. “Umevunja agizo langu na la mwalimu wako, kisha ukanidanganya. Lakini mwishowe umesema, na ndiyo maana mwanangu ni mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku nyingine ukikosea, njoo kosa likiwa bado dogo. Nitakugombeza, mwanangu, na nikimaliza kukugombeza nitakusaidia.”