Sahani za Wageni wa Kukaa

Sahani moja ilitoka kabatini imelowa. Nyingine zote kavu, yenyewe inachuruzika, inanuka nywele zilizoungua.

"Umeosha vibaya," mshonaji alimgombeza binti yake.

"Mama, sijaigusa."

Seti yenyewe mpya. Dukani muuza vyombo alimuuliza, "Dada, wageni wako wa kupita au wa kukaa? Wa kupita, visahani hivi vinatosha. Wa kukaa, chukua hizi pana."

Mshonaji, ambaye majirani walimwita Bi Karibu kwa kupenda kwake sifa, akachukua pana, zenye ukingo wa buluu, akajigamba: "Mgeni wangu akishagusa sahani yangu haondoki tena!"

Domo hilo. Kwani sahani hazinunuliki mpaka mtu aape? Muuza vyombo alicheka, na nyuma ya Bi Karibu akacheka mwingine. Alipogeuka hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo, kila mchana, kijiko kiligonga sahani ndani ya kabati lililofungwa, polepole, kama mwenye njaa anayejizuia mbele za watu. Na binti akawa anakula na kukonda, anakula na kukonda, mashavu yakabonyea huku sahani yake ikilambwa ikang'aa kabla hajatia tonge la tatu mdomoni, na ile harufu ikahama kabatini ikaingia kwenye pumzi yake.

Mganga aliletwa. Alinusa sahani, akaitua upesi.

"Nani alimkaribisha?" akanong'ona.

"Mimi, babu. Nilikuwa natania."

"Wewe ulitania, mwenzio alishika. Mkaribishaji ndiye hufukuza, kwa mdomo uleule. Twende nje, ufunge mlango, useme 'toka'. Neno hilo tu. Ukikosea, mtoto humpati."

Binti alikuwa amelala ndani, hana nguvu ya kuinuka. Bi Karibu akafunga mlango, akasimama mbele yake. Lakini mtu aliyelelewa na watu, ukimsimamisha mbele ya mlango uliofungwa, mdomo haumngoji.

"Hodi?" akasema.

Mganga akashika kichwa. "Umekwisha, mwanangu. Mwenye kupiga hodi ndiye mgeni."

Ndani, sahani ikawekwa mezani. Sauti ya binti, nzito kuliko kifua chake, ikaitika:

"Karibu, mgeni. Tulikuwa tunakusubiri."

Mganga alishatoka mbio. Bi Karibu angefanya nini? Mtoto alikuwa ndani. Akavua viatu, akaingia.