Mtoto wa Mke wa Chifu

Mchuma kahawa alikohoa ndani ya karatasi. Ilikuwa alasiri ya jua kali mwaka 1957, nyumbani Kamenu, na mwalimu Warigia, aliyekuwa akimwandika katika hadithi, alijiambia ni vumbi.

Hakuwa na nafasi ya mapepo. Mhariri kule Nairobi alikuwa amemrudishia hadithi yake mara mbili, akilalamika kwamba chifu, mlevi na mchuma kahawa wote wanaongea kama mwalimu wa darasa la nne. Hii ya tatu ikikosa uhai, asijisumbue tena, na siku ya mwisho ya kuituma ilikuwa leo. Basi kwa hasira Warigia alimwazima marehemu Tata Gathoni, dada ya mama yake, aliyechuma kahawa Ruiru mpaka akafa bila mtoto. Alimtia mzimamzima ndani ya mchuma kahawa, na ulimi wake, na ugoro wake, hata na jina. Mchuma kahawa huyo akamtukana chifu vizuri mno.

Mama yake, Magdalene, aliposomewa, aliketi polepole. Akamkumbusha kwamba marehemu hurudi kwa mtoto anayepewa jina lake, na Gathoni hajapewa mtoto yeyote.

"Wewe umempa karatasi," alinong'ona. "Lifute jina hilo."

Warigia alicheka kisomi, lakini akalifuta, akaandika Idah.

Hapo chumba kikanuka ugoro, na chifu wa kwenye karatasi, mtu wa maneno machache, akaongea kwa sauti ya Tata, na mlevi naye, na hata karani wa chifu naye, na kila mstari aliousahihisha ukarudi na ulimi uleule wa mwanamke mmoja aliyefukuzwa chumba kimoja akahamia nyumba nzima.

Wote sawa tena! Warigia alitaka kulia, kwa hasira kuliko kwa hofu. Akalirudisha jina. Sauti zikatengana mara moja, kila mtu na yake.

Kisha pumzi ikamgusa sikio.

"Mpe mmoja wao mtoto wa kike, umwite mimi. Nimechoka kukaa kwenye wino. Ama niwaingie wote tena?"

"Usiandike, mwanangu," alisema Magdalene, ambaye naye alikuwa amesikia.

Sentensi moja tu, aliwaza Warigia, na hadithi imepona. Akaandika: mke wa chifu alijifungua msichana, wakamwita Gathoni.

Wino haujakauka, katika chumba cha nyuma, penye magunia ya mahindi tu, kitoto kichanga kikaanza kulia.

Magdalene alikuwa tayari amesimama, machozi yakimtoka, akitafuta leso ya kumbebea dadake.