Nyama Kwenye Friza ya Ba

Kila Jumapili ua wa nyumba ile ya zamani mjini Moshi ulinukia viungo kutoka pande mbili. Upande wa mbele ilikaa familia ya Mzee Chandulal, mwenye duka la vitambaa, na huko mke wake, Mama Isha, alipika dengu ya wiki nzima. Upande wa nyuma, katika vyumba viwili, alikaa Hussein, fundi cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka hilohilo. Mke wake aliuza mitumba Kiboriloni, na siku za soko alirudi jua limeshazama, kwa hiyo naye alipika nyama ya kusaga ya wiki nzima. Desturi hiyo ya kupika mara moja na kugawa chakula katika makopo ya siagi aliipata kwa Mama Isha. Mke wa Hussein alipenda kusema akiba haiozi. Ni kweli, akiba haiozi, ila ya nyama huoza umeme ukikatika, na mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa umewachosha watu wote.

Hussein alikuwa na binti, Mwantumu, wa darasa la sita. Mwantumu na Isha, binti wa Mzee Chandulal, walikaa dawati moja shuleni. Nyumbani walikuwa na bibi mmoja, kwa maana bibi yake Isha ndiye aliyemlea Mwantumu alipokuwa mchanga, mama yake akiwa sokoni. Wajukuu walimwita Ba, yaani bibi kwa lugha yao, na ua mzima ukamwita hivyohivyo. Mwantumu alimpenda Ba kuliko alivyojua yeye mwenyewe.

Nyumba ya mbele, kwa dini yao, hawakula nyama, samaki wala yai. Walikuwa na friza kubwa kwenye baraza la nyuma na jenereta ya kuiendesha umeme ukikatika. Mama Mwantumu aliruhusiwa kuweka humo maziwa, maji na barafu za kuuza, na Mwantumu aliingia na kutoka pale bila kubisha hodi. Nyama ndiyo haikuingia. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa jambo hilo. Watu walitania kwamba hata paka wa uani akikamata panya hupita mbali na baraza lile.

Ikafika Jumamosi moja mama akasafiri kwenda Tanga kuchukua marobota ya nguo. Kwa mara ya kwanza alimwachia Mwantumu upishi wa wiki. Nyama yenyewe ilikuwa ya bata mzinga, aliyeletwa na Mama Eliaichi wa Sanya Juu, mteja wake wa siku nyingi. Mama aliacha maagizo mengi, mengine Mwantumu aliyasikiliza na mengine aliitikia tu. Agizo moja mama alilirudia akiwa ameshabeba mkoba. "Umeme ukikatika, uichemshe asubuhi na jioni mpaka itokote. Nyama isiyochemshwa inaua watu, mwanangu."

Jumapili baba alimchinja bata mzinga, Mwantumu akaisaga nyama kwa mashine ya mkono mpaka mkono ukamuuma. Akakaanga vitunguu hadi vikawa vyekundu, akatia tangawizi, kitunguu saumu, bizari na nyanya, kisha pilipili mbuzi nyingi kuliko alizoagizwa. Mwisho akakamulia ndimu. Baba alionja, akakohoa, machozi yakamtoka, akasema mpishi amezaliwa. Wadogo zake walilamba mwiko. Mwantumu alitembea uani siku hiyo amevimba kichwa, na hakuna wa kumlaumu, maana nyama ilikuwa tamu kweli.

Jioni, nyama ikiwa imepoa na makopo yamejaa, umeme ukakatika. Friji yao ndogo ikanyamaza. Mwantumu alitazama gunia la mkaa. Mvua ilikuwa imelinyeshea, na mkaa mbichi hutoa moshi wa kutosha kumfukuza hata jini. Akafikiria kuupepea usiku ule, kisha kuamka kabla ya jua aupepee tena, na hivyo kila siku mpaka umeme urudi. Uvivu ukamshika. Kule mbele jenereta ilikuwa inanguruma.

Alijiambia kwamba kopo lililofungwa ni kopo tu. Makopo ya nyumba zote mbili yalikuwa yaleyale ya siagi, ya rangi ileile, na kesho mchana angeyatoa kabla mtu hajajua. Alisubiri mpaka aliposikia kengele ndogo ya sala ya jioni ikilia ndani kwa kina Isha, akanyata barazani na kapu lake. Alifunua friza, akainua makopo ya dengu ya Mama Isha, akayaficha ya kwake chini kabisa. Halafu akaondoka kwa kunyata vilevile.

Jambo moja alilisahau, nalo alikuwa amelijua tangu utotoni, maana ndivyo mama yake naye alivyofanya. Katika friza, chakula cha zamani hukaa chini, kipya hukaa juu, na anayechukua huanzia chini.

Jumatatu Ba alikuwa na mfungo. Siku hiyo hula mlo mmoja tu, alasiri, na kwa kuwa Mama Isha alikuwa dukani, Isha ndiye aliyempashia moto. Mwantumu alikuwa na zamu ya kufagia darasa, akachelewa kurudi. Alipofika alikwenda moja kwa moja barazani kuchukua makopo yake. Akafunua friza na kuinua dengu. Chini, palipokuwa na makopo yake yaliyobanana, palikuwa na pengo.

Kwanza alitaka kuamini kwamba amehesabu vibaya. Kisha upepo ukaleta harufu, na harufu ile aliijua, ni ya pilipili zake mwenyewe. Ilikuwa inatoka jikoni kwa kina Isha. Kila Jumatatu uani kulinukia nyama ya kwao ikipashwa moto, kwa hiyo Isha asingeshangaa kuisikia. Kwa macho, nyama ya kusaga kwenye rojo la nyanya ilifanana na dengu. Na Isha asingeonja. Katika nyumba ile chakula cha Ba hakionjwi na mpishi kabla Ba hajakiombea na kula mwenyewe.

Mwantumu alikimbia mpaka mlango wa jikoni, lakini hakuingia. Ba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, sahani mbele yake. Alikuwa ameshamega chapati, ameshachota, na alikuwa anatafuna polepole kama watafunavyo wazee.

"Dengu ya leo tamu," Ba alimwambia Isha. "Mama yako ameweka nini?"

Isha alisema labda ni tangawizi. Mwantumu alibaki mlangoni. Tamu. Ba anasema tamu. Wazo likamjia haraka kuliko alivyopenda. Akinyamaza, Ba atamaliza sahani akiwa na furaha, makopo yaliyobaki yatatolewa jioni, na hakuna mtu duniani atakayejua. Wakubwa husema njia ya mwongo ni fupi, lakini kwa Mwantumu, pale mlangoni, ilionekana ndefu na imefagiliwa.

Ba aliinua macho akamwona. Akatabasamu, akasogeza sahani. "Njoo, mwanangu, ule na mimi."

"Ba, usile," Mwantumu alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Hiyo si dengu. Ni nyama yetu. Niliificha mimi kwenye friza."

Ba aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. Kisha akakiweka kipande cha chapati chini, akainuka kwa shida, akaenda bombani. Alisukutua, akatema, akasukutua tena, na maji yalipokwisha kwenye jagi alilijaza akaanza upya. Mwantumu alikuwa hajawahi kumwona Ba akilia. Siku hiyo alimwona.

Isha alibaki na mwiko mkononi. "Mimi ndiye niliyempakulia," alisema kwa sauti ndogo, akaingia ndani bila kumtazama rafiki yake.

Jioni Mzee Chandulal na Hussein walirudi pamoja kutoka dukani wakakuta msiba usio na maiti. Mzee Chandulal hakugomba. Aliagiza friza itolewe vitu vyote. Dengu ya wiki nzima, kwa kuwa ilikaa na nyama, iligawiwa majirani, na sufuria na sahani vikatolewa jikoni visirudi tena. Mwantumu aliisugua friza kwa maji ya moto, sabuni na ndimu mpaka vidole vikakunjamana. Ukimya wa mzee yule ulimuuma kuliko fimbo.

Hussein naye hakumpiga. Alimkalisha kwenye mkeka akamuuliza swali moja. "Siku ya futari, Ba atuletee bakuli, sisi tule tushibe, halafu kesho tuambiwe ilikuwa nguruwe. Ungemfikiriaje?"

Mpaka dakika ile Mwantumu alikuwa anajionea huruma mwenyewe. Sasa ndipo alipoona alichomfanyia Ba, akalia mpaka wadogo zake wakaogopa.

Siku iliyofuata Ba hakutoka nje. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na trei ya chai ilirudi jikoni haijaguswa. Shuleni Isha alihamia dawati jingine. Mwantumu alikaa peke yake na hakusikia neno la somo lolote. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga mwenyewe.

Mama alirudi na marobota yake siku hiyo hiyo, alasiri. Alisikia habari yote akiwa amesimama, akaketi juu ya robota, akashika mdomo. Aliona aibu kubwa, na hakuificha. Alipopata nguvu alimshika binti yake mkono wakavuka ua. Wakagonga mlango wa Ba.

Ba alifungua mwenyewe. Alikuwa amechoka, amevaa sari nyeupe, nywele mbichi kwa kuoga. Mwantumu akapiga magoti. "Shikamoo Ba. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Ba alikaa kitandani. "Nyama niliyokula sikujua. Nimeoga, nimefunga, nimeomba. Hilo ni langu na Mungu wangu, na limekwisha. Kilichoniumiza ni kwamba aliyefanya ni wewe, mtoto niliyembeba. Uliona uvivu kuwasha jiko, ukaona heri kunidanganya mimi."

Ba akaendelea kusema kwamba Isha amemweleza namna Mwantumu alivyosimama pale mlangoni, amepauka. "Ungeweza kunyamaza. Mimi ningemaliza sahani na kukubariki. Hukunyamaza, ndiyo maana mlango huu nimeufungua. Lakini shika hili, Mwantumu. Ukijiona unanyata kufanya jambo, moyo wako umeshakuambia kwamba si sawa. Usingoje mpaka mtu aumie ndipo useme kweli. Kweli ya mapema ingekugharimu mkaa kidogo tu."

Mama alisema kuanzia sasa Mwantumu ndiye atakayeichemsha nyama kila umeme utakapokatika, bila kusaidiwa. Ba aliuliza nani atamwamsha, maana mama huondoka alfajiri kwenda Kiboriloni na mtoto huyu hulala kama gogo. Mama akasema hajui.

Isha alirudi kwenye dawati lao kabla ya wiki kwisha, ingawa siku mbili za kwanza aliongea naye mambo ya hesabu tu. Jumapili Mwantumu alipika tena, akagawa nyama katika makopo, akayaweka kwenye friji yao ndogo. Usiku umeme ukaenda zake kama kawaida.

Kabla jua halijatoka, dirisha lake liligongwa.

"Mwantumu. Amka uchemshe nyama yako."

Alitoka akipikicha macho. Ba alikuwa uani, taa mkononi, amejifunika pua kwa ncha ya sari. Alisimama mbali na moshi, akangoja wakati Mwantumu akipepea mkaa, mpaka nyama ikatokota. Aliposikia sufuria inachemka vizuri, aligeuka akaenda kusali.