Kivuli Sebuleni kwa Wachuka

Majani yalikuwa yakianguka juu ya mabati ya Wachuka, na juu yake hakukuwa na mti.

Aliyasikia asubuhi akichemsha chai, akayasikia tena adhuhuri akikunja nguo: tap, tap, kisha kijiti kikibingirika hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua. Alipopanda ngazi kuchungulia, paa lilikuwa tupu. Barabara iliyopita mbele ya nyumba yake, pale Ruring'u, ilikuwa ikipanuliwa, na miti yote ya kandokando ilikuwa imekwisha kuangushwa.

Akaenda kulalamika. Aliyepokea malalamiko ya wenye nyumba alikuwa Kagwiria, msichana wa Meru mwenye shahada ya sosholojia, aliyepewa na mkandarasi kontena, meza na birika. Vumbi alilizoea. Walioililia miti ya jakaranda aliwazoea, hata mzee mmoja aliyetaka kurudishiwa ndege wake. Majani yasiyo na mti hayakuwa yamewahi kumfikia. Alimmiminia Wachuka chai, akamwambia kwa heshima kwamba ule ni upepo tu.

Alisema upepo kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakupenda kulikumbuka. Wakataji walikuwa wamebakiza mugumo mmoja, mkubwa, mbele ya lango la Wachuka. Desturi ya huku, ukifyeka miti unaacha mmoja ili roho za iliyoanguka zipate pa kukaa. Huo wa mwisho ukilazimika kukatwa, unaegemeza tawi lake kwenye mti mwingine ulio hai, roho zivuke. Wenye nyumba, pamoja na wale wanaokaa viti vya mbele kanisani, walikuwa wamekataa mugumo uguswe kabla ya shughuli hiyo. Kagwiria akawatafutia mtu: Ngatia, aliyeuza bima hadi alipostaafu na kugeuka mzee wa mila, mwenye mgwisho uliokuwa ungali unanukia duka. Siku yenyewe Ngatia alitazama huku na huku barabarani asione mti wa karibu. Akatazama saa. Akaamuru tawi liegemezwe kwenye nguzo ya lango la Wachuka, akisema mbao pia ni mti; Wachuka mwenyewe siku hiyo alikuwa Tetu mazishini. Watu wakapiga makofi, nao msumeno ukanguruma.

Wachuka aliporudi kwenye kontena, hakuitaja tena habari ya majani.

"Mami, kuja uone mtoto," alisema.

Ilikuwa saa sita, jua li utosini. Sebuleni kulinukia utomvu mbichi na udongo uliotoka kunyeshewa. Kwenye sakafu ya simiti kulikuwa na kivuli cha mti, matawi na majani yote, kikiyumba polepole ingawa pazia halikutikisika, na nje ya dirisha la mbele hapakuwa na chochote cha kukitupa. Katikati yake alisimama Lavender, mjukuu wa Wachuka, mtoto wa chekechea, mikono yake ameiinua juu kana kwamba mtu alikuwa akimvua fulana.

"Lavender, kuja kwa shosho," Wachuka alinong'ona.

"Hapa ni poa. Hapa kuna baridi."

"Na hujakula tangu jana."

"Sina njaa. Nataka maji." Mtoto alifikiri kidogo. "Nimwagie hapa kwa miguu."

Kagwiria, ambaye chuoni aliwahi kuandika kurasa nyingi juu ya imani za watu na kupata alama nzuri, alimshika mtoto kwapani amnyanyue, akavuta, akavuta tena kwa nguvu zote, akahisi chini ya nyayo zile ndogo kitu kikishikilia jinsi mizizi inavyoshikilia ardhi, akainama kuushika mguu, na ngozi ya kifundo ilipomkwaruza kiganja aliuachilia haraka, akarudi nyuma hadi ukutani, kwa maana ilikuwa kavu na yenye mistari, na kutoka mahali fulani ndani ya kifua cha mtoto alisikia majani.

"Mliegemeza kwa lango yangu," Wachuka alisema, bado kwa sauti ya chini. "Mbao imekufa, haiwezi kubeba roho. Zikaingia ndani kutafuta kitu inakua. Na kwa hii nyumba, kitu inakua ni moja tu."

Mti hai wa karibu ulikuwa mparachichi mfupi wa jirani, Waithira, nyuma ya ukuta, ambao matawi yake yaligusa dirisha la nyuma la sebule. Waithira ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa walalamikaji, aliyelia mbele ya kamera akisema miti ni uhai. Kagwiria alimweleza kila kitu akiwa amesimama langoni kwake, akaomba tawi la mugumo liegemezwe kwenye mparachichi. Waithira alijibu kwamba yeye ameokoka, mambo kama hayo hayaamini, ati hata hayamwingii kichwani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, lile tawi lina urefu gani.

Kagwiria na Wachuka hawakuwa wamemaliza kuliingiza tawi sebuleni, kutoka pale langoni lilipokuwa limetupwa, waliposikia msumeno wa injini upande wa pili wa ukuta. Waithira alikuwa akiuangusha mparachichi wake. Lavender aligeuza kichwa kuelekea ule mlio, akaanza kutetemeka, na kivuli chote kikatetemeka naye, vidole vyake vikijikunja kimoja kimoja, macho yakiwa makavu na wazi, hata dirisha la nyuma lilipojaa nuru ghafla na kitu kizito kikatua nje.

Kagwiria aliweka ncha moja ya tawi begani kwa mtoto. Ncha ya pili aliishika hewani, hapakuwa na pa kuiweka. Akaiweka begani kwake.

"Hapana," alisema Wachuka. "Na wewe, mzigo huo utakupokea nani?"

"Mimi si mti, Shosho."

"Hata huyu si mti."

Mikono ya Lavender ikaanguka. Alitazama sakafu tupu iliyojaa jua, akaanza kulia kwa sauti kubwa, ya kawaida, ya mtoto mwenye njaa, na Wachuka akakimbilia jikoni kumpakulia.

Kesho yake Neel, injinia wa mkandarasi, aliuliza kama yale malalamiko ya shosho yameisha. Kagwiria alisema yameisha. Kontena lilimbana siku hiyo. Alitoka akasimama kando ya barabara, juani, asijue kwa nini. Wakati wa chakula vibarua walikuja na sahani zao za githeri, mmoja baada ya mwingine, wakaketi kumzunguka kama walio kivulini, bila kumsemesha, na mmoja akaegemeza mgongo kwenye mguu wake. Alitaka kuwaambia waondoke. Yule wa karibu alimaliza kula, akasuuza kikombe, akamwaga maji miguuni pa Kagwiria, naye akafumba macho kwa raha.