Gari Nyekundu ya Hashil na Kiti cha Mtoto

Kitendawili, wajukuu zangu! Nina punda wangu mwekundu. Akenda anakunywa, akisimama anakunywa. Nani huyo? Msikimbilie kunipa mji. Kaeni kitako, hadithi yenyewe itakujibuni.

Hashil alikuwa mpishi wa hoteli Kiwengwa. Yeye na mkewe Hamda walikaa mjini, Kiponda, nyumba moja na mama yake Hashil, Bi Reem. Vichochoro vya Kiponda havipitishi gari. Hupita mtu na baiskeli, tena mmoja ampishe mwenzake. Kwa hivyo gari ya Hashil ililala Malindi, kando ya barabara.

Ilikuwa gari ya mbio, nyekundu, ya milango miwili. Ilitoka Japani ikiwa tayari kongwe. Hashil aliinunua kabla hajaoa, na ndiyo iliyomleta Hamda siku ya harusi. Mbele ilikuwa na viti viwili. Nyuma palikuwa na kiti kidogo, lakini Hashil alikijaza chote spika kubwa ya muziki. Ikipita Darajani, vikombe vya kahawa vilitetemeka.

Sasa Hamda alikuwa na mimba kubwa. Kila Ijumaa baada ya sala, Hashil alimpeleka kwao Kizimkazi kumtazama mama yake.

Ijumaa moja Hashil alitangulia Malindi, kama kawaida yake. Akawasha gari na kufungua kiyoyozi, ili mkewe akute baridi. Hamda akafuata nyuma, taratibu. Lakini kila baraza ina mtu wa kuamkiwa.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo hilo la mtoto wa kiume!"

"Juzi ulisema wa kike."

"Juzi ulikuwa umekaa upande. Hebu njoo nikuone vizuri."

Mazungumzo yakanoga. Hamda alipofika Malindi, gari ilikuwa bado inanguruma pale pale. Hashil alikuwa akiutazama mshale wa mafuta, uso umemshuka.

"Juzi tu nlijaza," alisema. "Wallahi gari hii imetiwa jicho."

Hamda akakaa kiti cha mbele, mkono juu ya tumbo.

"Hashil, nnataka kukuuliza. Mtoto atakaa wapi?"

Hashil akaitazama spika yake. Kisha akafungua muziki.

Kesho yake Bi Reem alikuja Malindi na chetezo cha ubani. Akaufungua mlango, akaifukiza gari ndani, mbele na nyuma. Hashil na Hamda wamesimama pembeni, wanakohoa.

"Jicho litoke," alisema Bi Reem. "Na likikataa kutoka, uza. Mtu ana mtoto njiani, anafuga gari inayokunywa kuliko ngamia!"

"Mama, gari hii ndiyo iliyomleta Hamda."

"Hamda keshafika."

Akapita jirani yao Nassra, fundi wa magari. Karakana yake iko Saateni.

"Shikamoo, Bi Reem. Ubani wote huu, mnamwoza nani?"

"Marahaba. Tunamtibu huyu mwekundu. Anakunywa mafuta kwa kijicho cha watu."

"Basi ngojeni na mie nimpime," alisema Nassra.

Akafunua boneti. Akaitoa filta ya hewa na kuikung'uta. Vumbi likamwagika kama unga wa muhogo.

"Gari hii inapumua huku imezibwa pua," alisema. "Filta ikiziba, injini inapata tabu, na nguvu inapungua. Unaongeza kukanyaga mafuta." Akaziminya tairi. "Na hizi hazina upepo wa kutosha. Tairi laini huifanya gari iwe nzito. Haya, niambie, ukiwasha huondoka hapo hapo?"

"Ah, namngoja Hamda. Nawasha mapema apate baridi."

"Na kiyoyozi kimefunguliwa?"

"Ndiyo."

"Basi inakunywa hapo ilipo, na safari haijaanza. Gari ikishawashwa inachoma mafuta, hata ikiwa imesimama."

Hamda akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe Bi Shemsa ndiye anayetumalizia mafuta!"

Hashil naye akacheka. Nassra akainama ndani ya gari. Mbele ya usukani aliona stika ya Mashallah.

"Chini ya stika hii pana nini?"

"Taa," alisema Hashil. "Ilikuwa nyekundu, haizimiki, inaniumiza macho. Gari inakwenda, nikaona niifunike kwa neno jema."

"Neno ni jema, lakini taa inakuonya. Usiifunike." Nassra akaibandua, akazungusha ufunguo. Taa ikang'ara. Ilikuwa na picha ya mtu aliyekaa, mbele yake duara kama mpira. "Hii ni taa ya mfuko wa hewa. Gari ikigonga, mfuko hufumka kumkinga mtu. Taa ikiwaka, pana hitilafu. Na gari ya umri huu, lazima tujue kama kiwanda kimeiita."

"Kuiita vipi?"

"Kiwanda kikigundua kasoro ya hatari, huwatangazia wenye magari yale wayarudishe yatengenezwe. Gari nyengine huuzwa nchi za mbali, na mnunuzi hana habari."

Nassra akaisoma namba ya chesisi, akaiingiza katika simu, kwenye ukurasa wa kiwanda. Akangoja. Uso ukambadilika.

"Imeitwa. Mfuko wa kiti cha abiria. Dawa inayoujaza huharibika kwa joto na unyevu, na kwetu vyote viwili tunavyo. Siku ya ajali, badala ya kukinga, unaweza kurusha vipande vya chuma."

Bi Reem akakiweka chetezo chini.

"Ndicho kiti cha Hamda," alisema Hashil. "Kila Ijumaa namkalisha hapo. Nassra, niukate waya sasa hivi?"

"Usithubutu! Unaweza kukufumkia usoni. Mpigie wakala wa kiwanda Dar es Salaam, umpe namba hii. Kasoro iliyoitwa na kiwanda hutengenezwa bure, lakini uliza kwanza. Mpaka hapo, kiti kile asikae mtu. Na mtoto mchanga hapakatwi mbele, hata mfuko ukiwa mzima. Hukaa nyuma, katika kiti chake, kafungwa mkanda."

Wote wakaitazama spika.

Hashil alimpigia wakala siku ile ile. Gari ikavuka kwa meli ya mizigo. Kwa muda wote huo Hamda alikwenda kwao kwa gari ya kaka yake, Suhail, na alikaa nyuma. Gari iliporudi, mfuko ulikuwa mpya na taa imezimika yenyewe, bila ya stika.

Hashil akabadilisha filta, akajaza tairi upepo. Akaacha kukanyaga mafuta kama anayekimbiza mwizi. Tena hakuwasha mpaka mkewe afike. Alifungua milango yote miwili joto litoke, basi. Mafuta yaliyokuwa yakiisha katikati ya wiki, sasa yalifika Ijumaa na kubaki.

Mmeshamjua punda wangu? Naam, ndiye huyo.

Hamda alijifungua salama, mtoto wa kike. Wakamwita Biasha. Hamda akakaa Kizimkazi kwa mama yake mpaka arubaini. Siku ilipotimia, Hashil alikwenda kuwachukua. Gari ilifika kimya, hata kuku uani hawakushtuka.

Mama yake Hamda akafungua mlango wa mbele. "Panda, mwanangu, umpakate."

Hamda hakupanda. Alisimama na mtoto kifuani, akamtazama mumewe.

"Hashil, nlikuuliza siku nyingi. Hujanijibu. Mtoto atakaa wapi?"

Hashil akakikunja kiti cha mbele. Nyuma, spika haikuwepo. Upande mmoja palikuwa na kiti kidogo cha mtoto, kimekazwa kwa mkanda, kinaangalia nyuma. Upande wa pili palikuwa patupu, mto umewekwa.

"Atakaa hapa, Hamda, na wewe ubavuni pake," alisema. "Muziki tutausikia kwake."